Mgonjwa anazinduka kwenye ketamini akipiga mayowe: tumfanyeje?

Kwa safu ya ushauri,

Habari za kazi. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kando ya ziwa, Ukerewe. Kazi ndogondogo za thieta tunazifanya hapahapa: kupasua majipu, kushona majeraha ya ndoano na mapanga, kurudisha mifupa iliyovunjika na kufunga hogo (plasta ngumu ya kushika mfupa). Dawa yetu kubwa ya usingizi ni ketamini ya kwenye mshipa. Tabibu anachoma, anafanya kazi yake, kisha mgonjwa anaachwa kwangu azinduke. Hapo ndipo penye shida.

Kuna mtoto wa miaka 9, kilo 24, alivunjika mkono kwa kuanguka mwembeni. Aliletwa asubuhi kwa mtumbwi, hajatia kitu mdomoni tangu jana yake jioni. Alipewa ketamini, mkono ukarudishwa, akafungwa hogo. Baada ya kama dakika 20 akaanza kupiga mayowe, macho yakicheza huku na huku, akirusha miguu. Tulimshika watu wanne. Mama yake akatoka nje akilia kwamba mwanawe amepandisha mashetani. Tabibu akaagiza diazepamu ya kumtuliza, mtoto akalala hadi jioni, na alipoamka akatapika. Mwingine ni mvuvi, mtu mzima, aliyepasuliwa jipu: alizinduka akisema yuko chini ya maji, akashuka kitandani kwa nguvu, miguu ikamkatalia, akaanguka.

Je, kila mgonjwa apewe diazepamu mapema ili yasitokee haya? Wenzangu wanasema aliyepewa ketamini awekwe kwenye chumba cha giza na asiguswe kabisa. Ni sahihi? Akae muda gani kabla ya kuruhusiwa, hasa wale wa kuvuka maji? Ale saa ngapi? Na ndugu zake tuwaeleze nini?

Muuguzi, Ukerewe

Ndugu Muuguzi,

Pole na kazi, na asante kwa kutupa uzito wa mtoto na muda wa kila jambo, maana bila hivyo tungejibu kwa kubahatisha. Katika barua yako kuna kitu kimoja tunakiweka mbele ya maswali yote. Mtoto alipiga mayowe, akashikwa, akachomwa diazepamu. Hujaandika kama kuna aliyetazama oksijeni yake, sukari yake au vidole vyake vilivyotokeza kwenye hogo. Pengine vilitazamwa. Lakini anayetapatapa baada ya ketamini si lazima atapatapishwe na ketamini, na dawa ya kutuliza ikiingia kabla ya sababu kujulikana, inanyamazisha kilio na kuacha sababu palepale.

Tuanze na saa ya dawa yenyewe. Ketamini ya kwenye mshipa inashika ndani ya dakika moja hivi. Dozi ya miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo inampa tabibu dakika 5 hadi 10 za kufanya kazi, mara nyingine 15. Wakati huo macho yako wazi, mboni zinacheza, mkono unaweza kujinyoosha wenyewe, na mgonjwa anapumua bila msaada. Huyu hajalala kama aliyepewa nusu kaputi nyingine. Ubongo wake umekatiwa habari za mwili. Kisha dawa inatoka kwenye ubongo na kusambaa mwilini, na habari zinarudi vipande vipande: sauti inasikika kabla haijaeleweka, sura inaonekana kabla hajajua yuko wapi. Kipindi hicho ndicho cha maruweruwe. Mtoto wenu alipiga mayowe dakika ya 20, yaani katikati kabisa ya kipindi hicho. Wengi huanza kuongea maneno yanayoeleweka kati ya dakika ya 15 na ya 30, ila miguu haiwatii hadi baada ya saa moja au mbili. Mvuvi wenu aliangukia kwenye pengo hilo: mdomo ulikuwa umezinduka, miguu bado. Zaidi ya hapo, aliyezinduka huona kitu kimoja kuwa viwili kwa muda, kwa hiyo hata sakafu haioni mahali ilipo.

Kila dozi ya kuongeza inasogeza saa hiyo mbele. Vivyo hivyo ukichanganya na dawa za kusinzisha kama diazepamu, petidini au promethazini. Ketamini ya msuli, miligramu 4 hadi 5 kwa kilo, inachelewa zaidi kutoka na inatapisha zaidi. Kwa hiyo unapompokea mgonjwa, swali la kwanza kwa tabibu liwe: amepewa ngapi, saa ngapi, mara ngapi, na nini kingine?

Maruweruwe si jambo geni wala si kosa la mtu. Tangu ketamini ilipojaribiwa kwa binadamu mwaka 1964 yalionekana. Kwa watu wazima hutokea kwa takriban mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo. Kwa watoto, fadhaa kubwa ya kuhitaji matibabu ni ya nadra, mtoto mmoja au wawili kati ya 100. Ndiyo maana mtoto anapopiga mayowe kiasi cha kushikwa na watu wanne, sisi tunatafuta sababu nyingine kwanza.

Anza na hewa. Kipima oksijeni cha kidoleni kiwe tayari kimewekwa tangu kabla ya kuchoma, kisiletwe baada ya vurugu kuanza. Kwa mtoto aliyevunjika mkono mmoja na mwingine una kanula (mrija mdogo wa mshipani), kiweke kwenye kidole gumba cha mguu. Kisikae upande mmoja na kipima presha, kwa sababu kila presha inapopimwa damu inakatika na namba inaanguka ya uongo. Rangi ya kucha na hina navyo huvuruga, vidole vya baridi pia. Ikisoma chini ya 94, nyoosha shingo, inua taya, mpe oksijeni, tazama kifua. Chini ya 90 ni dharura: ita mtu, shika ambu (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono). Na hapa tunasisitiza jambo ambalo wengi hulipita: ukimwekea oksijeni, kipima kinaweza kuendelea kuonyesha 98 huku mgonjwa akipumua mara chache mno. Namba hiyo haihesabu pumzi. Zihesabu mwenyewe, dakika nzima, kwa kutazama kifua na tumbo.

Sikiliza pia koo. Mlio mwembamba wa kuvuta hewa, kama filimbi, au kifua kinachojivuta ndani bila hewa kuingia, ni koo la sauti limejifunga. Ni mara chache sana, kiasi cha watoto watatu kati ya 1,000, lakini hutokea hata wakati wa kuzinduka, na mara nyingi kinacholichokoza ni mate au mrija wa kunyonya ute uliosukumwa mbali. Nyonya mashavuni na kwenye meno tu, usiufikishe mrija kooni. Likijifunga: acha kumchokoza, inua taya kwa nguvu kwa vidole viwili, kimoja kila upande, kwenye kishimo nyuma ya ndewe ya sikio, bana barakoa ya ambu usoni isivuje hata kidogo, na mpe oksijeni kwa mgandamizo wa kudumu, si wa kupampu kwa fujo. Wengi hufunguka hapo. Asipofunguka anahitaji mtu anayejua kutumia suksamethoniamu (dawa ya kulegeza misuli) na kuweka mpira wa hewa, kwa hiyo aitwe mwanzoni, asingojwe hadi midomo iwe ya bluu. Mtoto mwenye mafua na kikohozi cha makamasi yuko kwenye hatari zaidi. Kama kazi yenyewe inaweza kungoja, ingoje.

Kisha sukari. Mtoto wenu hakula tangu jana jioni, akasafiri majini asubuhi, akangoja zamu. Huo ni mfungo mrefu kuliko unaohitajika. Chakula kizito kinakatazwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Anayevuka ziwa asubuhi angeweza kunywa maji yenye sukari kabla ya kupanda mtumbwi, na akifika mapema akaongezwa kidogo hadi saa 2 kabla ya kazi. Waambieni hivyo wanapopiga simu au wanapopewa siku ya kuja, maana kwa watu wengi neno "usile" linaeleweka kuwa usiguse chochote tangu machweo. Choma kidole, pima. Ikiwa chini ya milimoli 3.0 kwa lita, mpe glukosi ya 10% mililita 5 kwa kilo, polepole. Kwa kilo 24 ni mililita 120. Kama mnayo ya 50% tu, changanya sehemu 1 na sehemu 4 za maji ya sindano: mililita 24 kwa 96. Pima tena baada ya dakika 15 hadi 30.

Halafu maumivu, na hogo. Ketamini inapotoka inaondoka na kinga yake ya maumivu, na mfupa uliorudishwa bado unauma. Mtoto wenu alipaswa kuwa na parasetamoli tumboni au mshipani kabla ya kuzinduka: miligramu 15 kwa kilo, yaani 360, ambazo ni mililita 15 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5. Kama ni ya kunywa, inyweshwe pamoja na maji yale ya saa 2 kabla. Sasa tazama vidole. Bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, achia: wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Vinyooshe wewe, polepole. Kama kuvinyoosha kunamfanya mtoto aruke kwa maumivu kuliko mahali palipovunjika, hogo linabana na msuli unakosa damu. Hilo halisubiri diazepamu wala kesho. Pasua hogo lote kwa urefu, na pamba ya chini nayo, hadi uione ngozi. Kupasua plasta peke yake na kuacha pamba iliyolowa damu hakutoshi. Ushauri wetu kwa mfupa uliovunjika karibuni ni hogo la nusu, la upande mmoja, kwa siku 2 au 3 za mwanzo, uvimbe ukishapungua ndipo la mzunguko.

Mwisho, kibofu. Mtu mzima aliyepewa lita nzima ya dripu na hajakojoa tangu asubuhi atapambana na kitanda bila kujua kwa nini. Gusa chini ya kitovu, mpe chombo.

Vyote hivi, ukivizoea, ni dakika mbili au tatu. Ukishavipita na mgonjwa bado anaweweseka, basi ni ketamini, na dawa yake ya kwanza ni sauti ya mtu mmoja. Si watu wanne wanaoamrisha kwa pamoja. Mtu mmoja, ikiwezekana mama, akae usawa wa uso wake, amwite kwa jina analoitwa nyumbani, aseme maneno machache yaleyale: upo hospitali, mkono umeshafungwa, mama yupo. Kwa Kikerewe au Kisukuma kama ndiyo lugha ya nyumbani, kwa sababu lugha ya nyumbani ndiyo inayopenya mapema. Kumbana kitandani kunaongeza njozi. Anayeota kuwa anazama, ukimkandamiza kifua, umemthibitishia. Mwekee mikono ya kumzuia asianguke tu, na umlinde mkono wenye hogo na wenye kanula.

Akiendelea hivyo kwa dakika kadhaa na ni hatari kwake, hapo dawa. Midazolamu ni bora kuliko diazepamu kwa sababu inaisha mapema. Chukua mililita 1 yenye miligramu 5, ongeza mililita 4 za maji ya chumvi, sasa kila mililita ina miligramu 1. Kwa mtoto, miligramu 0.05 kwa kilo ndiyo kiasi cha kumgawia: kilo 24 ni miligramu 1.2. Mpe nusu polepole, ngoja dakika 2 au 3, ndipo uamue juu ya nusu ya pili. Kwa mtu mzima anza na miligramu 1, uongeze 1 kwa mpangilio huohuo. Kama ipo diazepamu tu, mtoto miligramu 0.1 kwa kilo, mtu mzima 2.5 na usizidi 5, polepole kwenye mshipa mkubwa. Ila ujue unachokinunua. Ketamini peke yake kwa kawaida inaacha pumzi. Ikikutana na mojawapo ya hizi, pumzi inaweza kusinzia. Na diazepamu inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Mtoto wenu kulala hadi jioni hakukuwa na ajabu. Ukimpa, saa ya uangalizi inaanza upya kutoka sifuri, na huwezi kumwacha peke yake.

Sasa swali lako la kuwapa wote diazepamu mapema. Kwa watoto, hapana: haijaonekana kuwasaidia, na inawachelewesha kuzinduka. Kwa watu wazima hoja ipo. Midazolamu miligramu 0.03 kwa kilo, kama 2 kwa mtu wa kilo 65, ikichomwa pamoja na ketamini inapunguza maruweruwe. Iwe ni uamuzi wa anayechoma, mwenye mtu wa pili wa kutazama pumzi. Mzee, mtu aliyelewa, au aliyedhoofu kwa damu iliyomwagika, usimpe kwa mazoea.

Kwa maoni yetu kinga bora zaidi haina gharama. Ni maneno ya dakika ya mwisho kabla ya kuchoma. Fikra anayoingia nayo mgonjwa ndiyo mara nyingi anayoizindukia. Mvuvi aliyelala akiwaza mtumbwi uliomjeruhi ataamkia majini. Mwambie ukweli: utahisi unaelea, utaona rangi na picha, si kufa na si kurukwa na akili, itapita. Kisha muulize mahali anapopapenda, naye aanze kukueleza. Shambani kwake, mwanawe akianza kutembea, chochote. Dawa iingie akiwa katikati ya maelezo. Na kelele za thieta zishuke kabla ya hapo, redio ikiwemo.

Uingizaji wenyewe pia una sehemu yake. Ukiisukuma kwa sekunde 5, mgonjwa anaweza kuacha kupumua kwa muda. Ipitishe kwa dakika moja nzima. Kichupa cha kawaida kina miligramu 50 kwa mililita, lakini vipo vya 10 na vya 100, na vinafanana. Soma namba kwa sauti. Chota mililita 1 ya ile ya 50, jazia maji ya chumvi hadi mililita 5, kila mililita sasa ni miligramu 10. Mtoto wa kilo 24 kwa miligramu 1.5 anapata 36, yaani mililita 3.6. Zinazobaki 1.4 zinatosha dozi moja ya nyongeza ya miligramu 12. Andika jina la dawa na nguvu yake kwenye bomba la sindano kwa plasta.

Chumba cha giza: nusu yake ni kweli. Utulivu unasaidia. Mwanga mkali usoni, mlango unaobamizwa, kumtikisa ili "aamke haraka", vyote vinamvuruga. Lakini giza linalokuzuia kuona rangi ya midomo ni hatari kubwa kuliko njozi. Funga pazia, zima taa ya juu yake, uache mwanga wa kutosha kusoma saa na kuona kifua kikipanda. Na "asiguswe" haina maana ya asipimwe. Mlaze ubavu, upande wa kushoto kwa kawaida, mkono wenye hogo juu ya mto. Pima pumzi, mapigo, oksijeni na mwitikio kila dakika 5 hadi atakapoitika akiitwa, kisha kila dakika 15 hadi anapoondoka. Presha kila baada ya dakika 15 inatosha kama ya kwanza ilikuwa sawa. Ketamini huipandisha kidogo na hushuka yenyewe. Kitanda kiwe cha chini na kizuizi pembeni. Kama hakipo, godoro sakafuni lililopanguswa vizuri ni salama kuliko kitanda kirefu kisicho na kizuizi.

Kutapika hutokea kwa watoto kiasi cha 8 kati ya 100, zaidi kwa wanaoingia ujanani, na mara nyingi baada ya kuzinduka, wakati watu wameshaondoa macho. Ndiyo sababu ya kumlaza ubavu. Dawa ya kuzuia kutapika ni ondansetroni miligramu 0.1 kwa kilo, isizidi 4, ichomwe polepole. Chakula kisiharakishwe. Akiitika vizuri na kukaa bila kushikwa, aanze na vijiko vya maji, kisha uji mwepesi, na akikaa nao saa moja bila kichefuchefu, chakula cha kawaida kidogo. Dagaa na ugali wa kushiba vingoje jioni. Mama anayenyonyesha anyonyeshe pale tu anapoweza kumbeba mtoto bila kuyumba, mtu akiwa kando yake.

Kuruhusiwa hakupimwi kwa saa ya ukutani peke yake. Wengi wa ketamini ya mshipa huwa tayari kati ya saa moja na mbili tangu dozi ya mwisho, lakini anayeondoka ni yule anayepumua vizuri bila oksijeni, anaongea kama alivyokuwa akiongea asubuhi, anakaa mwenyewe, anatembea hatua kumi na kugeuka bila kuyumba (mtoto mdogo afanye anachokiweza siku zote), maumivu yamedhibitiwa, vidole ni vizuri, na yupo mtu mzima wa kwenda naye. Kimoja kikikosekana, anabaki. Mpimie sukari kabla hajaondoka kama alifunga kwa muda mrefu.

Kwa wa kuvuka maji ongeza masharti. Kazi ya ketamini kwa mtu wa kisiwa kingine ifanywe asubuhi, ili saa za uangalizi ziishe kabla ya chombo cha mwisho. Ikiangukia alasiri, alale kituoni. Kurudi usiku kwa mtumbwi wa injini, mgonjwa akiwa anayumba na mawimbi yakimtapisha, hapana. Kwenye kivuko cha Rugezi na Kisorya au meli ya Nansio kwenda Mwanza akae ndani kwenye kiti, mbali na reli, mwenzake kando. Kwenye mtumbwi avae boya, na hogo lifunikwe kwa mfuko wa nailoni, maana plasta ikilowa inalainika na mfupa unahama. Kwa saa 24 asipige kasia, asiendeshe injini wala pikipiki, asipande mti, asioge ziwani, asinywe pombe, asitie sahihi mkataba wa mali. Na mtoto asiwekwe mshikaki kwenye bodaboda katikati ya dereva na mama; akisinzia, hakuna mkono wa kumshika.

Mama yule aliyelia nje alistahili kuelezwa kabla, si baada. Mwambie hivi: macho ya mtoto yatabaki wazi na kucheza, anaweza kutoa mate mengi na sauti za ajabu, akizinduka anaweza kulia au kusema vitu visivyokuwepo, haya yanatoka kwenye dawa na yatakwisha leo. Aliyeambiwa hivi hukaa kitandani akamsaidia mwanawe. Asiyeambiwa ataitafuta maana mwenyewe, na anaweza kuondoka na mtoto kwenda kwa mganga huku hogo likibana. Mwongezee kwamba usiku mmoja au zaidi mtoto anaweza kuota ndoto mbaya, na kwamba dozi moja fupi haimharibii akili.

Arudi mara moja, usiku au mchana, mtoto akiwa haamshiki, anapumua kwa mlio, anatapika zaidi ya mara mbili, vidole vimevimba, vimekuwa baridi au havihisi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua baada ya dawa. Parasetamoli iendelee kila saa 6 kwa siku 2, mkono ukae juu ya usawa wa moyo.

Bado kuna kadi yake. Andikeni kilo 24, ketamini ngapi na saa ngapi, alipiga mayowe dakika ya ngapi, alipewa diazepamu ngapi, sukari ilikuwa ngapi kama ilipimwa. Mfupa wa mtoto unaweza kuhama tena, na picha ya kuuangalia hupigwa baada ya kama wiki moja. Ikilazimu kurudishwa upya, anayechoma atasoma hapo na kupanga mapema: maji ya sukari asubuhi, parasetamoli kabla, mama ndani, maneno ya mwembe yasitajwe. Hogo likifika siku ya kutolewa, mtoto aelezwe kwamba kulitoa hakuna sindano wala kulala tena, maana wengi hufika siku hiyo wakitetemeka kwa kudhani wanarudishwa kule.